Maziwa ya Wifi Yangu

Mara ya kwanza kumsikia mwanangu Nasra akimeza maziwa, alikuwa kifuani kwa wifi yangu. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa sebule yetu Thamesmead, mkono mmoja nimeshika tumbo kwa sababu kidonda cha operesheni kilikuwa bado wazi, mkono wa pili nimeegemea ukuta. Nilikuwa nimetoka hospitali saa hiyo hiyo. Nyuma yangu mume wangu, Sleiman, alikuwa amembeba pacha wa pili, Maryam. Wifi Raya alikaa kwenye kochi, amenipa ubavu, na Nasra anameza kwa mikupuo mikubwa huku akipumua kwa pua, ametulia kama mtu aliyefika kwao.

Shukrani ilikuja baadaye. Kilichokuja kwanza ni kutaka kumrukia nimpokonye.

Naandika haya sasa, wanangu wakiwa wakubwa, kwa ajili ya mwanamke aliyelala leo kitandani na tumbo limeshonwa, anamwangalia mwengine akimlisha mtoto wake, na anaona haya kusema kwamba ana wivu. Mimi nilikuwa nao. Uliingia mwilini mwangu pamoja na homa, na homa ilitoka mapema kuliko wivu.

Nilikuja London nikiwa bi arusi, kutoka Unguja. Wakwe zangu walikuwa huku zamani. Mama mkwe wangu, Bi Zuwena, alitoka nyumbani baada ya mapinduzi na Sleiman akiwa mchanga, wakapita Dubai, wakatua hapa, na Raya akazaliwa hapa hapa. Kwa hiyo Raya Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni kwa mama yake na Kiingereza chake cha wenyewe. Mimi Kiingereza changu kilikuwa cha skuli. Nikiwa peke yangu mbele ya kioo kilinitoka vizuri. Akitokea nesi kilikimbia chote.

Raya akikaa ghorofa mbili juu yetu, na mumewe na wanawe wawili wa kiume, mdogo wao bado ananyonya. Mimba yangu yote yeye ndiye aliyenipeleka kliniki. Tukikaa kwenye viti vya plastiki, nikiitwa jina tunanyanyuka wawili, na daktari akiniuliza kitu anajibu yeye. "Anasema miguu inamvimba." "Anasema halali." Baadhi ya hivyo vitu sikuwa nimevisema. Nilikuwa nampenda, na nilikuwa nimechoka naye.

Watoto walikuwa waje kwa njia ya kawaida. Lakini uchungu ulipokolea wakaona Maryam amelala mkingamo, na moyo wa Nasra unapungua mapigo, wakasema napasuliwa. Mtu mmoja tu aliruhusiwa kuingia na mimi. Sleiman akiona damu huanguka, na tena nani angenifasiria? Raya akavaa lile joho la buluu na kofia ya karatasi. Nilikuwa macho. Waliniwekea pazia chini ya kidevu, maumivu sikusikia, lakini nilisikia mikono inapekua ndani yangu kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba. Mtoto wa kwanza akalia, akapewa Raya. Wa pili akalia, akapewa Raya. Akaniinamia nao mmoja mmoja. "Huyu Nasra, wifi. Na huyu Maryam. Waone walivyo wazuri." Mikono yangu ilikuwa na mipira ya dawa na ilikuwa inatetemeka kama mtu aliyeingizwa kwenye barafu. Nilitaka kuwabusu, midomo yangu ikagusa kofia za sufi tu.

Wodini ndipo nilipojua nini maana ya kunyonyesha baada ya kupasuliwa. Huwezi kukaa. Huwezi kugeuka. Ukikohoa unashika mto tumboni ukihisi nyuzi zitakatika. Mtoto analia hatua moja kutoka kwako, na hatua hiyo huwezi kuipiga. Na maziwa hayaji. Mwanamke wa kitanda cha pili, aliyejifungua kawaida, akitembea na mwanawe begani huku kanzu yake ya kulalia imelowa kifuani. Nilimtazama yule kwa jicho ambalo sijawahi kumtazama nalo mtu.

Aliyenisaidia pale ni mkunga mmoja mtu mzima, mwenyeji wa Ghana, aliyesema nami kwa maneno machache machache na mikono mingi. Alinilaza kwa ubavu, akaniwekea mto mgongoni na mwengine baina ya magoti, akamlaza mtoto kunielekea ili asiniguse kidonda. Kisha akanionyesha jinsi ya kumshika mtoto chini ya kwapa, miguu yake imeelekea nyuma yangu. Akakamua dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya manjano, tone kwa tone kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, akawatilia midomoni. Tone lile moja lilikuwa kazi ya asubuhi nzima. Maryam, aliyekuwa mdogo zaidi, alijifunza haraka akanishika. Nasra alilala. Tukimtekenya nyayo anafumbua jicho moja, analifumba.

Nilirudishwa nyumbani na watoto wawili na mfuko wa dawa. Bi Zuwena alikuwa ameshatayarisha uji wa mchele wa pilipili manga, maji ya moto ya kunikanda na mkaja wa kunifunga tumbo. Nikamwambia hospitali wamekataza kunikanda na kunifunga juu ya mshono. Alikaa na ule mkaja mapajani muda mrefu. "Sasa mimi nikufanyie nini?" akaniuliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyepokonywa kazi yake.

Wiki haikuisha nikashikwa na baridi mchana kweupe, nimejifunika mablanketi yote ya nyumba na meno yanagongana. Kidonda kilikuwa chekundu upande mmoja, kisha kikaachia usaha. Gari la wagonjwa likaja. Wakaniuliza mtoto gani nakwenda naye, kwa sababu nafasi ya kitanda cha mtoto ilikuwa moja, na mimi mwenyewe sikuweza kumnyanyua hata mmoja. Nikamchagua Maryam kwa kuwa ndiye mdogo na ndiye aliyekuwa ananyonya. Nasra alibaki kwa bibi yake na chupa ya maziwa ya kopo.

Nasra akaikataa chupa. Walibadilisha chuchu za mpira, walibadilisha makopo, walipasha moto, walipooza. Bi Zuwena baadaye alinihadithia kwamba mtoto alilia mpaka sauti ikawa kama ya paka, kisha akaacha kulia, na hapo ndipo yeye alipoogopa. Akamwita Raya kutoka juu. Raya akasema tumpeleke hospitali. Bi Zuwena akamwambia, "Hospitali watampa nini? Chupa. Na wewe kifua kimejaa. Mtoto wa kaka yako afe na njaa mbele yako?" Raya akakaa akamtolea ziwa, na Nasra, ambaye kwangu hata mdomo hakufungua, akanyonya mpaka akalala.

Hakuna aliyenipigia simu kuniambia. Sleiman akija kunitazama, nikimuuliza, ananijibu, "Nasra mzima, anakula vizuri." Mimi nilidhani anakula chupa. Siku zote za dripu nilikuwa nikikamua kwa mashine ya wodini, matone yanashuka, nikijiambia hili la Nasra.

Ndiyo maana pale mlangoni nilitaka kumrukia. Raya alishanisemea kliniki, alishanipokelea watoto, na sasa alikuwa ananinyonyeshea.

"Wifi, karibu," akasema, akajifunika haraka. "Mtoto alikuwa hali. Nisamehe, sikuwa na la kufanya."

"Ahsante," nikamwambia.

Siku ile ile nikataka mwanangu. Nilikaa kitandani kwa namna ile niliyofundishwa, mto chini ya mkono, nikamsogeza. Nasra akanusa, akageuza uso. Nikamgeuza tena. Akajikunja mgongo, akapiga kelele, na ngumi yake ikanigonga kidondani. Raya alikuwa amesimama mlangoni. Kanzu yake ilianza kulowa kifuani kwa kile kilio. Maziwa yake yalikuwa yanamwitikia mwanangu, na yangu hayajui hata kama yanaitwa.

"Mchukue," nikamwambia.

Majira ya baridi yote yakaenda hivyo. Nesi wa mtaa akija kila baada ya siku moja kunisafisha kidonda, anatia pamba ndefu ndani ya shimo kwa koleo, anasema kinapona kutoka chini kwenda juu. Mimi nikitazama dari nikisikiliza hatua za Raya anateremka ngazi. Maryam alikuwa wangu. Nasra nilikuwa nambadilisha nepi, namuosha, nambeba nikiweza, na akiona njaa tu ananitazama kama mtu aliyekosea nyumba. Siku moja Raya alisahau kanga yake juu ya kiti. Nikaichukua. Ilikuwa na harufu yake ya udi na maziwa. Nikajitanda nayo, nikamshika Nasra ndani yake, nikamtolea ziwa. Alinusa ile kanga, akafungua mdomo. Kisha akaonja, akajua si yeye, akalia. Nilikaa na kanga ya mwanamke mwengine mabegani mwangu, nikalia naye.

Kliniki ya kupimia watoto ilikuwa mbaya zaidi. Chumba kimejaa mama na vigari, kila mmoja anatupia jicho mzani wa mwenziwe. Wangu wakawekwa mmoja mmoja. Nasra alikuwa amenenepa, mapaja yana mikunjo. Maryam alikuwa anapanda polepole. Yule mpimaji akacheka, akasema kwa Kiingereza nilichokielewa neno kwa neno: chochote unachompa huyu, mpe na mwenziwe. Raya alikuwa kando yangu. Kwa mara ya kwanza hakunifasiria.

Nilimwambia Sleiman, "Naumia." Akaniambia, "Mshukuru Mungu, watoto wazima, na aliyewasaidia ni damu yangu." Alikuwa ametoka kazini, ameendesha basi tangu alfajiri, macho mekundu. Nikamjibu, "Ni damu yako. Mimi ni nani?" Tulikaa kwenye nyumba moja bila ya kusemezana zaidi ya chai tayari, nepi zimekwisha.

Kisha ikaja habari nyengine. Bi Zuwena alimuuliza sheikh wa msikitini, naye akamwambia alichokuwa anakijua tangu mwanzo: Nasra ameshanyonya kwa Raya mpaka akashiba, siku nyingi, basi ni mwana wa Raya wa kunyonya. Wanawe wa kiume ni kaka zake, mumewe ni baba yake. Maryam siye.

Bi Zuwena alikuja kuniambia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Mwanangu, watoto walolala tumbo moja. Watakua, mmoja ataingia kwa Raya kichwa wazi, atawakumbatia wale vijana, ataitwa dada. Mwengine ajitande mtandio, akae kando. Ni vizuri hivyo? Mpe Raya na huyu naye anyonye, wawe sawa."

"Mama," nikamwambia, "mmoja mmeshamchukua. Na huyu pia?"

"Hajachukuliwa mtu."

"Basi mwite Nasra uone atakwenda kwa nani."

Sikuwahi kumjibu hivyo kabla ya siku hiyo. Aliondoka, akaufunga mlango taratibu. Nilimkumbatia Maryam hata akaamka.

Ramadhani iliingia, mimi sifungi kwa kidonda na kwa kunyonyesha, kisha ikaja sikukuu. Raya alikwenda sokoni Walthamstow akanunua kitambaa cha rangi ya samawati cha nguo za wanawe, na katika kitambaa hicho hicho akamshonea Nasra gauni. Maryam alimletea gauni zuri pia, la waridi. Hakuwa na nia mbaya. Mtu humnunulia anayemnyonyesha kama anavyowanunulia wanawe, bila ya kufikiri. Tukapigwa picha, Raya kwenye kochi na watoto wake watatu wa samawati, mimi pembeni na Maryam. Picha ziliporudi kutoka dukani niliitazama ile moja kwa muda mrefu. Nilijiandaa kuuona wivu wangu. Nilichokiona ni Maryam. Alikuwa ameelekeza uso wake kwa pacha wake, mkono ameunyoosha, na baina yao pana nafasi ya mtu mzima kukaa. Nikaona hii nafasi itakua nao. Mimi ndiye niliyekaa hapo.

Siku ya pili, jua la baridi limetoka kidogo, nilimvika Maryam nikapanda ngazi mwenyewe, ghorofa mbili, nikisimama kila kona kushika tumbo. Raya alifungua mlango na Nasra begani; alilala kwake usiku ule wa sikukuu, ndiyo kwanza amemwamsha.

"Wifi! Umepanda peke yako?"

"Nimekuletea huyu," nikamwambia. "Mnyonyeshe."

Alinitazama. "Mama amekulazimisha?"

"Hakunilazimisha mtu. Mchukue kabla sijabadilisha mawazo."

Tulikaa kwenye makochi mawili, uso kwa uso. Tukabadilishana watoto, na katika kubadilishana vidole vyetu vikagusana, vyake vilikuwa vya baridi. Maryam hakumtaka. Alimgeuzia uso vilevile Nasra alivyonigeuzia mimi, na naapa nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Raya alimwimbia kidogo, akamtia tone mdomoni, akangoja. Maryam akaonja. Akanyamaza. Akaanza.

Nilisikia anameza. Sauti ile ile ya mlangoni. Nikafumba macho nikijua kifua kitanichoma, na kweli kilichoma, lakini haukuwa ule mchomo wa wivu. Maziwa yalikuwa yanashuka. Yalishuka kwa nguvu ambayo sikuwahi kuipata kwa mashine wala kwa uji, nguo ikalowa, na Nasra mapajani mwangu akiwa na njaa na analia, ziwa lake analolijua limeshikwa na mwengine. Nikamweka chini ya kwapa langu, miguu nyuma. Sikumsogeza kwa nguvu. Maziwa yakamdondokea kwenye shavu. Akatoa ulimi, akalamba, akanitazama kwa hasira, kisha akashika.

Raya naye aliona, akakaa kimya kama mtu anayeogopa kumshtua ndege. Tulikaa hivyo, kila mmoja na mtoto wa mwenziwe, hata sijui sasa niseme yupi alikuwa wa nani.

"Anavuta?" Raya akaninong'oneza.

"Anavuta. Ana meno?"

"Hana. Ndivyo alivyo. Mimi chuchu zangu zimepasuka tangu mwezi wa kwanza." Akacheka huku machozi yanamtoka. "Sikutaka kukwambia. Ningekwambiaje?"

Usije ukadhani mambo yaliisha hapo. Kesho yake Nasra alinikataa tena, keshokutwa akanikubali akiwa na usingizi, kisha akakataa. Nikawa napanda kwa Raya kila asubuhi, tunabadilishana. Maryam alinyonya kwa Raya mpaka Bi Zuwena akaridhika kwamba jambo limetimia, akaja kunibusu kichwani. Nesi wa mtaa akanitia pamba ya mwisho, akabandika plasta, akasema kwaheri. Miti ya chini ya jengo ilikuwa inatoa majani wakati Nasra aliponyonya kwangu siku nzima bila ya kwenda juu. Chupa ya maziwa ya kopo nayo iliingia nyumbani baadaye, kwa wote wawili, na walikua nayo vizuri. Tumbo langu limebaki na mkunjo juu ya mshono, kama mdomo uliofumbwa vibaya, na upande mmoja nikiugusa mpaka leo sihisi kitu.

Siku Raya alipojua kwamba Nasra hamhitaji tena, alikuwa amekuja kwetu na kanzu ya vifungo, tayari kumnyonyesha. Nasra alikuwa ameshashiba kwangu, amelala mdomo wazi. Raya alisimama, akamtazama, maziwa yakamtoka yakapita kwenye kitambaa. Akachukua mtandio wake akajifunika. "Haya, wifi," akasema, akapanda kwake. Nilimsikia hatua zake kwenye ngazi na nikajua anakwenda na nini. Nilimhurumia, na sikumwita arudi.

Wewe uliyelala pale, nakwambia haya. Lala kwa ubavu, omba mto, omba tena wakikusahau. Mtoto akikugeuzia uso, hakukuhukumu wewe. Ngozi yake na yako zikae pamoja hata kama hanyonyi. Na wivu useme kwa sauti, kwa mtu mmoja tu angalau. Mimi niliumeza miezi, na uliniumiza kuliko usaha.

Juzi mtoto mkubwa wa Raya ameoa. Wanangu walikuwa ndani, vichwa wazi, wanamfunga kaka yao kilemba na kumcheka, Nasra upande huu, Maryam upande ule. Mwanamke mmoja mgeni, jamaa wa bi arusi kutoka Kingsbury, alimuuliza Raya ana watoto wangapi. Nilikuwa nimesimama kando yake na sinia la halua.

"Wanne," akasema Raya. "Wavulana wawili na wasichana wawili."

Kitu kikanichoma pale pale, chini ya titi la kushoto. Yule mgeni akanigeukia, akaniuliza mimi nina wangapi.

"Wasichana wawili," nikasema, nikamkaribisha halua.